Gari la Mama Tofali Linagonga

Mama Tofali alirudi na pikapu yake kwa mara ya tatu, na safari hii hakusalimia. Alizima injini katikati ya yadi, mahali ambapo hatumruhusu mtu kuegesha, akashuka, akabamiza mlango hata kioo kikazama chenyewe.

"Linagonga," akasema.

"Kwenye kilima?"

"Fundi, mimi nafyatua tofali bondeni, na wanaojenga wako kileleni. Unadhani litagonga wapi? Kitandani?"

Cheche, mchomeleaji tunayegawana naye yadi, alicheka ndani ya kinyago chake cha kuchomelea. Mimi sikucheka. Si kwamba halikuwa la kuchekesha. Siku zile kicheko kilikuwa hakinifikii. Nilikiona kama kitu kinachowatokea watu wengine, ng'ambo ya barabara.

Mama mdogo alikuwa amefariki miezi michache kabla. Namwita mama mdogo kwa kuwa ni mke wa baba mdogo, lakini ndiye aliyenilea tangu nilipoacha shule nikaletwa kwao, nikiwa kimo cha tairi la lori. Aliumwa muda mrefu, akaisha kidogo kidogo, tukamzika, tukarudi kazini. Watu waliniambia kilio kitakuja. Nikakingoja kama unavyomngoja fundi bomba: unajua haji, lakini mlango unauacha wazi. Nilikuwa naamka, nanawa uso, nakunywa chai, nafungua boneti za watu. Chai ilikuwa ya moto au ya baridi, sikumbuki. Mke wangu alikuwa akinisemesha nami nikimjibu, na jioni tukikaa nilikuwa sijui tumeongea nini.

Baba mdogo ndiye mwenye gereji. Niseme mapema alivyokuwa, ili hili lieleweke.

Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kulala chini ya gari hawezi, kubeba gia boksi hawezi, kukaza nati za magurudumu anaweza lakini simruhusu. Kazi zote zilikuwa zimehamia kwangu moja baada ya nyingine, bila mtu kusema. Iliyobaki kwake ni moja: kuseti taimingi. Na hiyo alikuwa haachi mtu aiguse. Magari ya zamani, yale yenye kabureta na distributa, yalitoka mbali kuja kusetiwa na yeye, kwa sababu alikuwa hatumii kifaa. Alikuwa anasikiliza.

Kwa asiyejua, plagi inatakiwa itoe cheche pistoni ikiwa inakaribia kufika juu. Cheche ikichelewa, gari linakuwa zito kama limefungwa kamba nyuma. Ikiwahi mno, petroli inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo vitu viwili vyenye nguvu vinakutana uso kwa uso. Huo ndio mlio unaoitwa kugonga. Jina linadanganya kidogo, kwa kuwa si mlio mzito. Ni mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Unatoka gari likiwa na mzigo, kwenye mwinuko, mguu ukiwa umezama. Ukiuzoea ukauacha, siku moja pistoni inatoboka.

Baba mdogo alikuwa analegeza bolti iliyo chini ya distributa, kile kinachogawa moto kwa plagi, kwa spana yake iliyopinda, anaizungusha distributa kiasi cha unywele, kichwa kimeinama upande wa kulia. Halafu anapanda na gari kilimani kwa gia ya tatu. Anasogeza moto mbele, cheche iwahi, mpaka injini igune kule juu, kisha anaurudisha nyuma kidogo mpaka mguno upotee. Hapo ndipo injini ina nguvu yake yote na haijiumizi. Akisikiliza, huruhusiwi kukohoa. Mimi nilinunua taa ya taimingi, ile inayomulika puli ya injini ukaona alama iko wapi. Yeye aliiita tochi ya wasiosikia.

Sasa alitoka kwenye kiti chake kilicho karibu na kompresa, akija taratibu, spana mfukoni.

"Kuna nini?"

"Anasema linagonga."

"Haligongi. Nimelipandisha mwenyewe juzi. Linakwenda kama cherehani."

"Mzee," Mama Tofali akasema, "mara ya kwanza mkaniambia petroli mbaya. Nikahama kituo. Mara ya pili huyu mwanao akaseti, likanyamaza, nikafurahi. Wewe ukasema unalijaribu kidogo. Nalipata tena linalia. Mimi nina gari moja. Injini hii ikifa, tofali nitabeba kichwani? Mkishindwa semeni, nilipeleke kwingine, na huko nitasema nimetoka wapi."

"Kwingine watakuwashia tochi," baba mdogo akasema, akageuka kurudi kwenye kiti.

Mama Tofali alimwongezea jambo mgongoni, kwa sauti ya chini, la matusi kidogo. Mzee hakugeuka. Mama Tofali akanitazama mimi.

"Ananidharau?"

"Mwache, mama," Cheche akasema. "Mzee bado yuko msibani."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema wote. Mtoto akimwamkia asipojibu: mwacheni, yuko msibani. Simu yake ikiita juu ya meza mpaka ikakata: mwacheni. Mwanamke wa duka la vipuri alimwita kutoka ng'ambo, akamwita tena, akaenda zake akisema maskini, yule mama kaondoka na roho yake. Nami nilikubali. Nilijiona mwenyewe nilivyo, nikasema naye yuko hivyo hivyo.

Nikafungua boneti.

Kwanza niliondoa yale yanayoua injini. Kama ni beringi za fimbo za pistoni, mlio ni mzito, wa nyundo, na hausubiri kilima. Niliwasha, nikachomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine, nikisikiliza kama mlio unabadilika. Hakukuwa na mlio wa kubadilika. Nikaangalia rejeta: maji yamejaa, feni inavuta, injini haichemki. Nikazima nikafungua plagi. Mama Tofali alikuwa amesimama begani kwangu, ananuka saruji.

"Sogea kidogo, mama, unanizibia mwanga."

"Nikisogea utanificha kitu. Hivyo vidoa nini?"

Kwenye kauri nyeupe ya plagi kulikuwa na vidoa vidogo vya kung'aa, kama mtu amenyunyiza unga wa chuma.

"Pistoni yako."

"Pistoni yangu iko kwenye plagi?"

"Inahamia kidogo kidogo."

Akauliza polepole, "Itatoboka?"

"Bado. Lakini inajiandaa."

Nikamuuliza kama injini ikiwa ya moto, akipiga stata, inakwama kama imepigwa kofi halafu ndiyo inashika. Akapiga mapaja yake. Ndivyo inavyofanya! Alidhani ni betri, tena ameshanunua mpya. Nikamwambia betri haina kosa. Cheche ya plagi inawaka mapema, inaisukuma stata irudi ilikotoka.

Nilichukua taa. Nikachomoa ule mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye distributa, nikauziba kwa skrubu, nikawasha injini, nikaielekezea taa puli. Alama ilikuwa imepita mstari wake, ikapita na mistari mingine yote, iko kule ambako kibati cha mistari kimekwisha na hakuna kilichoandikwa. Nikadhani puli imeteleza, maana hizi za zamani zina tabaka la mpira katikati na likichoka alama inaanza kusema uongo. Nikazima, nikatumbukiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi ya kwanza, nikazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ikafika juu kabisa. Alama ikasimama kwenye sifuri. Puli ilikuwa inasema kweli.

Ndipo nikainama kuangalia chini ya distributa. Mara ile ya pili, nilipoliseti mimi, nilichora mstari kwa msumari, nusu kwenye distributa na nusu kwenye bloku ya injini, ili nijue ikisogea. Mistari ile sasa ilikuwa imeachana upana wa kidole. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri. Kitu kinachojilegeza chenyewe hakijikazi tena chenyewe.

Nikatazama kwenye kiti. Baba mdogo alikuwa anafuta spana yake kwa kitambaa, anaangalia ukuta.

Nilichodhani ni ubishi. Niliseti kwa tochi, yeye akaona amedharauliwa, akaseti upya kwa mkono wake na kupitiliza. Nilikuwa nimeshajua magari mengine mawili ambayo yalirudi yakilia hivi hivi, na wenyewe nikawasingizia petroli. Kwa hiyo lilikuwa hivi: nikimwachia, anaua injini za watu na gereji inakufa pamoja nazo. Nikimnyang'anya, namchukulia kitu cha mwisho alichobaki nacho, na mkewe hayupo. Nililiona hilo wazi kama ninavyoiona mikono yangu, na halikuniuma. Lilikaa tu mbele yangu.

Nililegeza, nikarudisha distributa mpaka mistari ya msumari ikaonana, nikakaza. Injini ikashuka sauti.

Hapo baba mdogo akaja. Ngurumo ya injini alikuwa anaifahamu hata akiwa usingizini.

"Umelilaza hilo gari."

"Nimeliweka kwenye alama, baba."

"Alama iliwekwa na mtu ambaye hajawahi kukiona kilima chetu. Pisha."

"Baba."

"Pisha, kijana." Nina mvi, na bado ni kijana.

Nikapisha. Akainamisha kichwa kulia, akalegeza, akazungusha. Injini ikapanda mbio. Akazungusha tena, ikaongeza. Zamani angesimama hapo akashtuka kama amechomwa mwiba. Safari hii aliendelea kidogo tena, uso umetulia, kisha akakaza.

"Hapo. Sikia inavyoimba."

"Twende kilimani," nikasema.

"Twendeni wote," Mama Tofali akasema. "Gari langu, petroli yangu, na tofali zangu ziko nyuma. Leo hakuna wa kuniambia nilikuwa naota."

Baba mdogo alishika usukani. Mama Tofali alikaa katikati, kijiti cha gia kikiwa katikati ya magoti yake, nami nikabanwa mlangoni. Cheche alituaga kwa mkono kama tunasafiri.

"Mzee, ukiingiza gia ya nne niambie mapema," Mama Tofali akasema, "nisije nikadhani ni uchumba."

"Hatuingizi ya nne. Ya tatu mpaka juu."

Hilo alilisikia. Sauti ya Mama Tofali ni nzito, ya mtu anayeamuru vibarua.

Tulipita mbele ya maduka, tukapita shule, barabara ikaanza kuinuka. Akaingiza gia ya tatu, akazamisha mguu. Tofali zilituvuta nyuma. Tulipofika kwenye nguzo ya umeme iliyopinda, ikaanza. Kokoto ndani ya kopo. Mwanzoni chache, halafu kopo zima.

"Hiyo!" Mama Tofali akasema. "Hiyo hapo!" Akakunja uso kama anang'olewa jino.

Nikamtazama baba mdogo. Nilitaka kuuona ubishi, maana ubishi una uso wake: taya zinakaza, macho yanakwepa. Sikuuona. Kichwa kimeinama kulia, midomo imelegea kidogo, anasikiliza kwa moyo wake wote.

"Tamu," akasema.

Simu ya Mama Tofali ikaanza kuita. Aliiweka juu ya dashibodi, upande wa dereva, na mlio wake ulikuwa wa ndege fulani anayepiga kelele, mkali wa kutoboa. Ikaita na ikaita, sentimita chache kutoka kwenye usukani. Mama Tofali aliona aibu, akanyoosha mkono kuikata lakini hakuifikia kwa jinsi tulivyobanana. Nami nikangoja baba mdogo afoke. Nimeona akimfukuza mteja kwenye gari kwa sababu ya kufungua pipi yenye karatasi wakati yeye anasikiliza.

Hakufoka. Hakuiangalia. Simu ikaita mpaka ikachoka, na yeye kichwa kimeinama, anaisikiliza injini.

Nikajua.

Haikuja kwa kishindo. Ilikuwa kama bolti inapokaa kwenye tundu lake. Sauti za wanaume yadini anazisikia, ngurumo anaisikia, Mama Tofali anamsikia. Lakini watoto yeye hawasikii. Simu haisikii. Yule mwanamke wa vipuri, mwenye sauti kama filimbi, hamsikii. Alikuwa anasogeza moto mbele, anangoja mguno umwambie basi, na mguno, ulivyo mwembamba, ulikuwa haumfikii tena. Kwa hiyo alikuwa anaendelea kusogeza.

"Simamisha, baba."

"Hatujafika juu."

"Simamisha."

Akasimamisha pembeni, akavuta breki ya mkono. Injini ikabaki inanguruma. Angeweza kunitukana, lakini alinitazama tu, akingoja.

"Inagonga," nikasema.

"Wapi?"

"Tangu kwenye ile nguzo mpaka hapa."

Alitaka kucheka. Akamgeukia Mama Tofali, nadhani ili wanicheke pamoja. Mama Tofali, mwanamke aliyekuja kupigana, aliangalia mikono yake iliyojaa saruji. Baba mdogo akamtazama muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mke wa mtu.

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi, mzee."

Aligeuza gari, tukashuka mpaka chini, akageuza tena. Akaingiza gia ya tatu, akazamisha mguu. Kwenye nguzo akauliza, bila kugeuza kichwa:

"Sasa?"

"Inagonga."

Akaendelea kidogo.

"Sasa?"

"Inagonga."

Akapunguza mafuta.

"Sasa?"

"Imeacha."

Akazamisha.

"Sasa?"

"Inagonga."

Tukapanda hivyo kilima kizima. Aliuliza kama mtoto anayeonyeshwa herufi, nami nilijibu kama mtu anayesoma mita ya maji. Sauti yangu haikutetemeka, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mama Tofali alikuwa ameshika kijiti cha gia kwa mikono miwili, kama vile yeye ndiye anayeendesha. Watu wa kileleni walimpungia, wakidhani tofali zao zimefika.

Kule juu alizima injini.

"Mguno wenyewe ukoje siku hizi?" akauliza.

"Ni ule ule, baba. Kokoto kwenye kopo."

"Nilidhani nimekuwa hodari," akasema. "Nilikuwa nasema, mbona siku hizi nikiseti hauji kabisa. Nikasema nimeiva."

Mama Tofali akatoa kicheko kifupi kilichomponyoka, akajiziba mdomo. Baba mdogo akatikisa kichwa kidogo, kama kumwambia hana neno.

Tulipowashushia wateja tofali zao na kurudi yadini, hakwenda kwenye kiti. Alifungua boneti yeye mwenyewe. Cheche alizima mashine yake, akavua kinyago, akaona nyuso zetu, akavaa kinyago.

"Lete tochi ya wasiosikia," baba mdogo akasema.

Nikaleta. Nikaunganisha waya kwenye plagi ya kwanza, nikaziba ule mpira mwembamba. Nikanyoosha mkono kuipokea taa, lakini yeye hakuiachia. Akaielekeza puli mwenyewe. Macho yake ni mazima kuliko yangu. Mimi nikashika distributa.

"Rudisha," akasema. "Rudisha. Rudisha tena. Yesu na Maria, nilikuwa nimefika wapi mimi? Rudisha. Polepole sasa. Hapo."

Nikakaza kwa spana yangu. Ya kwake ilikuwa mfukoni mwake, hakuitoa.

Mama Tofali alilipeleka kilimani peke yake, akarudi anapiga honi. Akashuka, akamwendea baba mdogo, akamwinamia sikioni akapiga kelele: "LIMENYAMAZA! ASANTE, MZEE!"

"Usinipasue, mama," akamjibu. "Wewe nakusikia vizuri tu. Una sauti ya trekta."

Mama Tofali akacheka mpaka akashika bampa. Akasema mume wake humwambia hivyo hivyo, ingawa hajawahi kummulika kwa taa ya taimingi. Akaondoka. Tukamsikiliza akipandisha, mimi na Cheche. Baba mdogo alikuwa anatuangalia sisi usoni.

Mchana ule ule alikuja mtu mmoja na gari la zamani, akaenda moja kwa moja kwenye kiti kama wote wanavyofanya, akasema mzee, nimekuja uniwekee sikio. Nikangoja. Baba mdogo akaelekeza kidole kwangu.

"Zungumza na huyu. Mimi namshikia taa."

Yule mtu akacheka, akidhani ni utani. Hakuna aliyemfafanulia.

Jua liliposogea tukakaa kwenye kivuli cha kontena, yeye kwenye kiti chake, mimi juu ya ndoo. Nilikuwa nasafisha zile plagi za Mama Tofali kwa brashi ya waya, ingawa nilikuwa nimeshamwekea mpya. Vile vidoa havitoki. Nilijua havitoki, na mikono iliendelea tu.

"Mama yako mdogo," akasema.

Nikaacha brashi.

"Siku zile za mwisho. Mimi nilikuwa nakaa naye pale kitandani, naye kimya. Nikajua amechoka na maneno. Nikasema basi, na mimi nisimchoshe." Alinigeukia, akanitazama midomo. Sijui kama alikuwa amefanya hivyo siku zote na mimi sikuona. "Alikuwa kimya?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni jepesi. Mama mdogo sauti yake ilikuwa nyembamba hata akiwa mzima, na ugonjwa uliikwangua ikabaki uzi. Nilikuwa nasimama mlangoni na bakuli la maji, namwona anasogeza midomo, namwona baba mdogo kamshika mkono, anaangalia ukuta. Mimi nilimsikia. Nilidhani mzee amezidiwa, hawezi kujibu. Nikaweka bakuli, nikatoka.

Lakini nilikuwa nimeshamwambia inagonga, kilima kizima, kila alipouliza. Sikuona pa kuanzia kumdanganya.

"Alikuwa anasema," nikasema, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza.

"Anasema nini?"

"Mambo ya kawaida. Dirisha lifunguliwe. Shati lako la kazini limekatika kifungo."

Akajitazama kifuani. Lilikuwa shati lingine.

"Na nini?"

"Alikuuliza kama umekula."

"Nikamjibu nini?"

"Hukujibu."

Kompresa iliwaka yenyewe nyuma yetu, ikajaza hewa, ikazima. Cheche alikuwa anafagia upande wake, jambo ambalo hafanyi kamwe.

"Akafanyaje?"

"Akakuuliza tena."

Baba mdogo aliweka mikono yake juu ya magoti yale yaliyokwisha. Aliangalia mahali ambapo pikapu ilikuwa imesimama, kwenye doa la oili. Nilingoja kile kilio. Hakikuja. Nilikuwa naiona plagi mkononi mwangu, na kucha zangu, na grisi iliyo chini ya kucha.

"Nilikuwa nimekula," akasema.

Aliongea kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo mtu huitumia chumbani mwa mgonjwa.